Sare ya Rangi ya Mbingu

Sare ndiyo iliyoanza kuharibika, makande yakafuata.

Tangazo la harusi lilikuwa fupi, na kila mtu alilielewa, ndiyo maana likaleta kasheshe. Lilisema wageni wavae rangi ya mbingu. Basi wazee wote, wa Magadini kwa bibi harusi na wa Ng'ambo ya ziwa kwa bwana harusi, wakashona vitenge vya samawati, ile bluu laini waliyoikumbuka tangu utotoni. Vijana nao, ambao tangu wazaliwe hawajaona mbingu nyingine zaidi ya hii nyeupe, wakashona nyeupe pee. Asubuhi ya harusi kiberenge kikavuka reli ya ziwani kimebeba ukoo mmoja na sare mbili, na kila upande ulikuwa na uhakika kwamba wenzao wamechanganyikiwa.

"Mbingu nyeupe umeiona wapi wewe?" Mkunde alimuuliza bibi harusi.

"Mama mkubwa, inua kichwa tu," Elinuru akamjibu, na kiberenge kizima kikacheka.

Nakiete, mama yake bibi harusi na mdogo wake Mkunde, alikuwa amekaa katikati yao amevaa samawati, akitazama magadi yaliyoganda ziwani ili asionekane anacheka. Hakutaka kuingilia. Tena kama kuna mtu wa kulaumiwa mbingu kuwa nyeupe, basi ni yeye mwenyewe. Nakiete ndiye aliyekuwa mtunza Babu.

Kwa asiyefahamu mambo ya kwao: mlima unaoitazama Magadini watu huuita Bibi, na bomba kubwa lililosimama ukingoni mwa ziwa huitwa Babu. Nakiete alipokuwa mdogo, Bibi alikuwa anakohoa moshi wa tindikali. Ulishuka mabondeni taratibu, ukababua migomba, ukatoboa mabati, ukawakaba watu vifua. Mwaka ule uliokuwa mbaya kuliko yote ulimchukua Kiangi, kitinda mimba wa nyumba yao, ambaye alikuwa bado anajifunza kufunga vifungo vya shati. Ndipo watu walipomjenga Babu. Babu huyachota magadi ya ziwani, huyasaga yakawa laini kuliko poda ya mtoto, huyapiga mvuke kidogo, kisha huyapuliza angani. Mvuke una kazi yake, kwa sababu chembe kavu ikishavaa gamba la chumvi juu hugoma kuendelea kula. Ikiwa na unyevu, hula mpaka ndani. Magadi humeza tindikali, vyote viwili huishia hapo, na kinachobaki ni chumvi isiyo na neno na kipovu kidogo cha hewa ukaa.

Tangu awashwe, Babu hakuwahi kusimama. Pua, kipimo cha tindikali kilichofungwa juu ya paa la zahanati ya Magadini, kilisoma sifuri mwaka nenda mwaka rudi. Mbingu ikawa nyeupe kwa vumbi, jua likawa doa tu, na watu wakazoea wakaacha kulisemea.

Walipokelewa Ng'ambo kwa vigelegele na kwa utani, maana wakwe wa Ng'ambo hawana haya. Waliwachambua wageni sare zao mmoja mmoja, wakawauliza kama Magadini kuna duka moja tu la vitambaa au mawili yaliyogombana, na wao wenyewe wakiwa nusu samawati nusu nyeupe. Kisha wakawaonyesha jiko.

Hapo ndipo penye jambo. Kwa akina Nakiete, binti hakabidhiwi mpaka upande wake upike makande nyumbani kwa mume, kwa kuni za hapo na maji ya hapo. Makande huchelewa kuiva, na ndiyo maana yakachaguliwa: wakwe waone kwamba binti anatoka kwenye nyumba inayojua kusubiri. Mahindi lazima yabaki mazima, maharage yabaki mazima, ila ukiyatia mdomoni yakuachie yenyewe. Nyumbani, siku ya haraka, mtu hutupia kipande cha magadi chunguni na hakuna anayemsema. Kwenye makande ya harusi, hapana. Kutia magadi siku hiyo ni kuwaambia wakwe kwamba mna haraka ya kumwondoa binti.

Na mpishi alikuwa Mkunde. Hakuna harusi ya Magadini iliyopikiwa makande na mtu mwingine, yeye mikono yake ikiwa mizima. Alibandika sufuria kubwa, akachochea moto, akaenda kumfunga bibi harusi kilemba. Aliporudi na kutia mwiko, mwiko ukazama kama kwenye uji.

Alikoroga. Hakukuwa na hindi wala haragwe. Kulikuwa na rojo ya njano iliyokuwa inatokota kwa raha zake.

Bibi yake bwana harusi, Koko Sintamei, aliletewa kibakuli cha kuonja kama desturi ilivyotaka. Alikuwa mfupi, mwenye shanga mpaka mabegani na ulimi usiolala. Alionja, akatulia, akaonja tena.

"Uji mzuri," alisema. "Mgonjwa wenu ni nani?"

Ua mzima ulikufa kwa kicheko. Hata bibi harusi alicheka, akajificha nyuma ya mtandio. Mkunde peke yake ndiye hakucheka. Alisimama na mwiko wake, macho yamejaa machozi, huku nyuma yake akina mama wa Magadini wakinong'onezana neno moja tu, magadi, magadi, na kila mmoja akimtazama pembeni.

"Sikuweka," alimwambia Nakiete kwa sauti ya chini. "Naapa kwa kaburi la mama. Mdogo wangu, ninaanzaje kufanya kitu kama hicho kwenye harusi ya mwanetu?"

Nakiete alimwamini, ila alijua pia anachokiona. Alichota kidogo akaweka ulimini. Ladha ya sabuni ile, na njano ile ya mahindi, hazikuwa na jina lingine. Humu ndani kulikuwa na magadi, na Mkunde hakuyatia.

"Maji mliyatoa wapi?" alimuuliza Lemayani, bwana harusi.

"Kwenye tangi, mama. Ya chemchemi yasingetosha wageni wote hawa. Haya ni ya mvua, ya paani. Sisi huogea tu."

"Na tangu masika haya hata kuogea ni shida," Koko Sintamei akadakia. "Unajimwagia na kujimwagia, mwili unateleza kama samaki, sabuni haitaki kutoka. Nimewaambia hawa vijana wamenunua sabuni mbaya."

Nakiete alienda kwenye tangi akatia vidole, akavisugua. Viliteleza. Aliomba kigoda, akapanda, akapitisha kiganja juu ya bati la paa, kikarudi na unga mweupe laini. Kisha akaomba ndimu. Waliokuwa karibu walidhani anataka kuiokoa rojo kwa kuitia ndimu, na mmoja akamletea na chumvi kabisa. Nakiete akakamulia ndimu kwenye kiganja chake.

Unga ukachemka. Povu dogo jeupe liliinuka kiganjani, likasikika kabisa likifanya chii.

Alibaki juu ya kigoda anaangalia kiganja. Povu lenyewe halikuwa ajabu. Magadini vumbi hutoa povu kila siku. Kule huanguka chembe kubwa, ambazo tindikali huzilamba ngozi ya juu tu na ndani hubaki magadi. Lakini chembe ndogo kabisa, zile zinazoelea mpaka Ng'ambo, hutakiwa kufika zimekwisha, chumvi tupu hadi moyoni. Hivyo ndivyo zilivyokuwa Babu alipowashwa, na baada ya hapo hakuna mtu wa Magadini aliyevuka ziwa kuja kulipima vumbi tena. Leo zimefika nzima. Zimesafiri ziwa zima bila kukutana na kitu cha kula.

"Dada," alisema. "Nafikiri Bibi amelala."

Mwenyekiti wa Magadini, Sefue, alimfuata nyuma ya jiko. Alikuwa mtu mwema mwenye tumbo la heshima na kitenge cha samawati kilichombana, na alisikiliza maelezo yote bila kumkatiza.

"Lakini Pua inasoma sifuri," alisema mwishoni.

"Ndiyo tatizo lenyewe, Mwenyekiti. Inasoma sifuri kwa sababu Babu anaimaliza tindikali, au kwa sababu tindikali haipo? Namba ni ileile. Hatuwezi kujua mpaka Babu asimame."

"Babu hasimami."

"Najua."

"Nakiete, wewe ulimzika Kiangi. Unataka kupima kwa mapafu ya watoto?"

Swali lile lilikuwa lake kabla halijawa la Sefue. Miaka yote alikuwa akimtazama Babu akipuliza na kujiambia kwamba kila pumzi ile ni ya Kiangi. Angemzimaje? Je, kama sufuria moja ya makande imemdanganya? Ila aliwaza na upande wa pili. Kama Bibi amelala kweli, basi wanawapulizia watu magadi bure: wanawasha macho, wanawafungia watoto jua, na hawa wa Ng'ambo wanaogea maji yanayoteleza kwa dawa ya ugonjwa usiokuwepo.

Kulikuwa na njia rahisi. Koo la Babu husafishwa mara kwa mara, na siku ya usafi koo la pili huwashwa. Angeweza kurudi na kiberenge, aseme anasafisha, asiliwashe la pili, apime, arudi kula keki. Hakuna ambaye angejua. Kama mambo yangekwenda vizuri angesifiwa, na yakiharibika angewasha haraka na kunyamaza. Wazo hilo lilimjia likiwa tamu sana, na aliona aibu kwa utamu wake.

"Magadini hamna watu leo," alimwambia Sefue. "Mji mzima uko hapa unacheka makande ya dada yangu. Wamebaki wagonjwa wa zahanati na muuguzi wao. Nitampigia, nimwombe, na akikataa tumeacha. Ila kuna watu wengine wa kuwaomba kwanza."

"Nani?"

"Wenye nyumba hii. Moshi ukija, unaweza kufika huku. Tulipomwasha Babu hatukuwauliza. Vumbi letu limewaangukia miaka yote hii na hatukuwahi kuvuka kuja kuwaomba hata radhi. Mimi sitamzima kimyakimya kama tulivyomwasha kimyakimya."

Sefue alijifuta jasho kwa ncha ya kitenge. "Kwenye harusi ya mwanao?"

"Wapi tena nitawakuta watu wote wamekusanyika?"

Muuguzi alipopigiwa simu aliuliza maswali mengi kuliko Sefue, kisha akaenda kuwauliza wagonjwa wake kitanda kwa kitanda. Alirudi akasema wamekubali, madirisha anafunga, na mzee mmoja anaomba atolewe nje kama mbingu itafunguka.

Ndipo Nakiete aliposimama katikati ya ua, na kibakuli cha rojo mkononi. Wanamuziki walinyamazishwa. Hakuwa msemaji; alizoea kuongea na mitambo. Aliwaeleza habari ya Pua, ya chembe kubwa na ya chembe ndogo, akawaonyesha kiganja chake na ndimu, akawaambia anachodhani na asichokijua. Aliwaambia habari za Kiangi, na hapo ikabidi Mkunde amshike mkono.

"Naweza kuwa nimekosea," alimalizia. "Nikikosea, moshi wa Bibi utarudi kabla sijamwasha tena, na huku unaweza kufika. Tulitakiwa kuwauliza zamani na hatukuwauliza. Leo nawauliza. Mkisema hapana, tunakula keki na Babu anaendelea."

Wazee wa Ng'ambo walizungumza kidogo kwa lugha yao, wakimsogelea Koko Sintamei. Alisikiliza, akatikisa kichwa, akasikiliza tena. Kisha akaweka kibakuli chini.

"Macho yangu yamewasha tangu mama yake Lemayani hajaolewa," alisema. "Nilikuwa nasema siku nitakapompata mwenye vumbi hili, nitamchapa. Sasa amekuja mwenyewe, amevaa vizuri, anaomba ruhusa. Nimchapeje?" Watu wakaanza kucheka, naye akainua mkono. "Kazime. Watoto tutawaingiza ndani mpaka utupigie simu. Lakini nina masharti. Kwenye hiyo Pua yenu akae mtu wa huku pia, siku zote, hata leo. Na wewe mpishi, ubandike sufuria nyingine kwa maji ya chemchemi. Sitamchukua binti kwa uji."

Mkunde alikuwa ameshaenda kuchukua maharage.

Kiberenge kilirudi Magadini na watu watatu: Nakiete, Sefue, na Lemayani, ambaye alisema anayeoa ndiye wa kwanza kutumwa. Mji ulikuwa umetulia, kuku tu wanazurura. Babu alikuwa anapuliza kama kawaida, mngurumo ule ambao Nakiete alikuwa hausikii tena kama mtu asivyosikia moyo wake. Aliweka mkono kwenye wenzo wa kumzimia. Mkono uligoma.

"Mama," Lemayani alisema, "tushike wote?"

Walishika wote watatu, wakashusha.

Mngurumo ulipungua, ukawa mkoromo, ukaisha. Ukimya uliofuata ulikuwa mpana kiasi kwamba walisikia flamingo wakizozana upande wa mbali wa ziwa. Kisha wakapanda kwenye paa la zahanati wakaketi mbele ya Pua, na Sefue, ambaye alikuwa haombi hadharani, akaanza kuomba hadharani.

Hewa ya mlimani huchukua muda wa kupika ugali na mboga kushuka mpaka mjini. Walisubiri muda huo, wakasubiri tena mwingine, kwa sababu Nakiete hakutaka kuamini haraka. Upepo wa mchana ulianza kuvuta kutoka mlimani, ukasukuma vumbi la mwisho kuelekea ziwani. Sindano ya Pua ilitikisika mara moja. Sefue alimshika Nakiete bega mpaka likauma. Sindano ikarudi sifuri, ikakaa.

Nakiete alivuta pumzi, kwanza kwa woga, kwa ncha ya pua, kama alivyofundishwa na mama yake mwaka ule. Hakuna kilichochoma. Alivuta ya pili mpaka chini kabisa ya kifua. Ilikuwa na harufu ya udongo wa mlimani na majani, basi. Alianza kulia na hakujificha, akamtaja Kiangi kwa jina mara nyingi, na wale wanaume wawili wakamwacha alie.

"Imekaa sifuri," Lemayani alisema baada ya muda. "Na hii ni sifuri ya kweli?"

"Ya kweli," alisema Nakiete, akajifuta uso. "Babu atalala macho wazi. Bibi akikohoa tu, tunamwamsha. Mpigie Koko."

Chini yao, muuguzi alikuwa anamtoa yule mzee nje na kiti chake.

Waliporudi Ng'ambo, muziki ulikuwa umesimama tena, safari hii bila kunyamazishwa na mtu. Kiberenge kilipita katikati ya ziwa huku weupe ukiwachanikia juu, kwanza mahali pamoja, kisha kila mahali, na walipofika uani walikuta watu wote wamesimama na vichwa juu, midomo wazi, sahani zimeinama mikononi mchuzi unamwagika.

Ilikuwa bluu. Haikuwa bluu ya kitambaa wala ya rangi ya mlango. Ilikuwa na kina, na jua lilikuwa ndani yake limekamilika, kali, lenye joto la kushikika. Wazee walikuwa wanalia na kucheka pamoja. Watoto walikuwa na shughuli nyingine. Chini ya mbingu ile nyeupe kivuli kilikuwa kitu cha kufifia, hakina umbo. Sasa kila mtoto alikuwa na mtu mweusi amelala miguuni pake, mwenye mikono na kichwa. Binti mmoja mdogo alikimbia ua mzima akijaribu kukiacha chake, akageuka, akakuta bado kipo, akakaa chini akapiga kelele. Koko Sintamei alimwinua huku akicheka mpaka shanga zinalia, akamwonyesha cha kwake.

Nakiete alimtafuta mwanawe. Elinuru alikuwa amesimama karibu na jiko na nguo yake nyeupe ya sare ya vijana, anatazama juu, anarudi anamtazama Mkunde, aliyekuwa anapakua makande ya pili. Mahindi yalikuwa mazima, maharage mazima. Elinuru alishika ncha ya kitenge cha mama yake mkubwa, akainyoosha juu, akafumba jicho moja, akalinganisha.

"Mama mkubwa," alisema taratibu, "kumbe tuliokosea sare ni sisi."

"Na ile sufuria ya kwanza?" Mkunde aliuliza bila kuacha kupakua. "Magadi niliweka?"

"Hukuweka."

Mkunde alimtazama mdogo wake mwenye macho mekundu, akamtazama Koko aliyekuwa bado amempakata mtoto, kisha akampa bibi harusi sahani ya kwanza.

"Sema kwa sauti," alisema. "Wakwe wasikie."